Kwa Nini Mashine Haivuti Maji ya Kisima Kirefu?



Kuna kitendawili kisemacho: nimekata, lakini sioni kovu. Jibu lake ni maji. Ukipiga panga kwenye gogo, alama inabaki. Ukipiga panga kwenye maji, yanaachana kidogo kisha yanaungana tena, kama vile hakuna kilichopita. Hewa nayo ni hivyo hivyo. Tunatembea ndani yake kutwa nzima wala hatuachi njia.

Katika somo hili tutajifunza tabia za vitu vya namna hiyo. Hatujifunzi kwa ajili ya kujua tu. Wapo watu waliochanga fedha, wakanunua mashine ya maji, nayo ikashindwa kuvuta hata tone moja. Wapo pia watu waliokufa ndani ya visima kwa kujaribu kuirekebisha kasoro hiyo. Kwa hiyo tusome polepole. Kama mnasoma kwa kikundi, mmoja asome kwa sauti na wengine wafanye majaribio.

Vifaa vinavyohitajika ni hivi: chupa ya plastiki, msumari, glasi, ndoo ya maji, kipande cha karatasi, jalada la daftari kuukuu, bakuli lenye kina, mshumaa mfupi, magadi ya kupikia maharage, na ndimu nne au tano.

1. VITU VINAVYOTIRIRIKA

Chukua jiwe. Liweke kwenye kikombe, kisha kwenye sufuria. Jiwe ni lile lile, umbo lake halibadiliki. Sasa mimina maji kwenye kikombe: yanakuwa na umbo la kikombe. Yamimine kwenye sufuria: yanakuwa na umbo la sufuria. Lakini kipimo chake hakibadiliki. Lita moja inabaki lita moja.

Moshi wa jikoni je? Huo haukubali hata kutulia kwenye chombo. Unatawanyika mpaka unajaza nyumba nzima.

Vitu kama maji, mafuta ya taa, maziwa na asali huitwa vimiminika. Vitu kama hewa na moshi huitwa gesi. Vyote viwili vinatiririka, yaani vinatoka hapa vinakwenda pale vikipata njia. Wahenga walisema maji hufuata mkondo. Na hewa hufuata mkondo pia, ila hatuioni.

Vimiminika havifanani kwa uzito. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo 1. Ndiyo maana debe la lita 20 lina kilo 20, na anayelibeba kichwani anajua. Lita moja ya mafuta ya taa ina kama gramu 800 tu. Lita moja ya asali ina kama kilo 1 na gramu 400. Ukimimina mafuta na maji kwenye chupa moja, mafuta yatapanda juu na maji yatabaki chini, hata ukitikisa namna gani. Chepesi hukaa juu, kizito hukaa chini. Tulishike neno hili, maana tutalirudia.

2. HEWA NI KITU, NA INA UZITO

Wengi wetu tukiona glasi haina maji tunasema ni tupu. Haya, tujaribu.

Kunja karatasi uishindilie ndani kabisa ya glasi, isianguke. Igeuze glasi mdomo chini, uizamishe wima ndani ya ndoo ya maji. Usiiinamishe. Kisha itoe ilivyo. Gusa karatasi. Ni kavu! Kwa nini maji hayakuingia? Kwa sababu ndani mlikuwa na mwenyeji, naye ni hewa. Sasa izamishe tena, lakini iinamishe. Mapovu yanatoka, maji yanaingia. Mwenyeji ametoka, mgeni ameingia.

Basi hewa ni kitu, na kila kitu kina uzito. Huko pwani, hewa inayojaa kwenye sanduku lenye urefu wa mita 1, upana wa mita 1 na kimo cha mita 1 ina uzito wa kilo 1 na gramu 200 hivi. Tuchukue darasa lenye urefu wa mita 8, upana wa mita 6 na kimo cha mita 3. Hewa iliyomo ina uzito wa kama kilo 170. Hiyo ni zaidi ya gunia la mahindi la kilo 100, na hewa hiyo hatuioni.

3. CHINI NDIKO KWENYE NGUVU

Toboa chupa ya plastiki matundu matatu kwa msumari: moja juu, moja katikati, moja chini. Yazibe kwa vidole, jaza maji, weka chupa ukingoni mwa kigoda kirefu au meza. Achia vidole vyote pamoja. Tundu la juu linatoa maji kwa ulegevu. La chini linayarusha kwa nguvu kuliko mengine.

Sababu ni nyepesi. Maji ya chini yamebebeshwa maji yote yaliyo juu yake. Kadiri unavyokwenda chini, ndivyo mzigo unavyozidi, na maji yanasukuma zaidi pande zote. Msukumo huo, ukigawanywa kwa eneo linalosukumwa, wataalamu huuita kanieneo. Ndiyo sababu tangi la maji hujengwa kilimani, na nyumba za bondeni hupata maji yenye nguvu kuliko nyumba zilizo karibu na tangi.

Na hewa je? Ni vivyo hivyo. Sisi tunaishi chini kabisa ya bahari ya hewa. Juu ya vichwa vyetu kuna kilomita nyingi za hewa, na yote inatulemea. Huko pwani, kila eneo la sentimita 1 kwa sentimita 1, yaani kama ukucha wa kidole, linasukumwa na hewa kwa uzito wa kilo 1 hivi.

Mtasema, mbona hatupondeki? Kwa sababu hewa inasukuma kutoka pande zote, na ndani ya miili yetu mna msukumo unaolingana nao.

Kama huamini, jaza glasi maji mpaka pomoni. Ifunike kwa jalada la daftari. Bana jalada kwa kiganja, geuza glasi juu chini, kisha ondoa kiganja taratibu. Jalada halianguki na maji hayamwagiki. Nani anayeyashika? Ni hewa inayosukuma kutoka chini kwenda juu.

4. NANI ANAYEPANDISHA MAJI KWENYE MRIJA?

Unapokunywa pombe ya kienyeji au soda kwa mrija, unasema ninavuta. Ukweli ni kwamba hakuna kuvuta. Wewe unaondoa hewa iliyomo ndani ya mrija. Hewa ya nje bado inalemea kinywaji kilichomo kwenye chombo, na ndani ya mrija hakuna tena kitu cha kuizuia. Basi hewa ya nje inakisukuma kinywaji, kinapanda mpaka mdomoni.

Mashine ya maji iliyokaa juu ya ardhi hufanya kazi hiyo hiyo. Inaondoa hewa ndani ya mpira uliotumbukizwa kisimani. Hewa ya nje inalemea maji ya kisima, nayo yanapanda kwenye mpira. Mashine haivuti. Inayofanya kazi ni hewa.

Sasa swali kubwa: hewa ina nguvu za kupandisha maji mpaka wapi?

Tupige hesabu. Chukua mpira ambao tundu lake lina eneo la sentimita 1 kwa sentimita 1. Ukiujaza maji kwa urefu wa mita 10, maji yaliyomo ni lita 1 kamili. Lita 1 ni kilo 1. Na tumesema hewa inasukuma eneo kama hilo kwa kilo 1 hivi. Kilo kwa kilo: mizani imelingana! Maji yakifika mita 10 na kidogo, hewa imefikia mwisho wa nguvu zake. Mpira ukiwa mnene zaidi ni vile vile. Maji yanakuwa mengi zaidi, lakini na eneo linalosukumwa na hewa linakuwa kubwa zaidi. Hata ungeleta mashine yenye nguvu za matrekta kumi, maji hayatapita hapo.

Jambo hili liliwasumbua mafundi wa Italia miaka mingi iliyopita. Mtaalamu Galileo alilitaja katika kitabu chake cha mwaka 1638: pampu ya kuvuta haipandishi maji zaidi ya mita 10 hivi. Mwenzake, Evangelista Torricelli, ndiye aliyeeleza sababu mwaka 1644. Jaribio lake lilifanywa kwa zebaki, ile ile inayotumiwa na baadhi ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, nayo ni sumu. Zebaki ni nzito kuliko maji mara 13 na nusu na zaidi kidogo. Hewa iliweza kuishikilia zebaki kwa kimo cha sentimita 76 tu. Zidisha 76 kwa 13.6 utapata sentimita 1,033.6, yaani karibu mita 10 na sentimita 34. Hesabu ya zebaki na hesabu ya maji zinasema jambo moja.

Hizo ni hesabu za pwani. Ukipanda milimani, bahari ya hewa iliyo juu yako inapungua, na nguvu zake zinapungua. Kandokando ya Ziwa Victoria, ambako ni zaidi ya mita 1,100 juu ya bahari, mwisho wake ni kama mita 9. Njombe, ambako ni karibu mita 2,000, ni kama mita 8.

Na hapo hatujahesabu hasara za njiani. Maji hujisugua kwenye mpira, na viungo huvujisha hewa. Kwa hiyo kwa kazi za kila siku, hesabuni mita 7 huko pwani, na mita 6 au chini ya hapo kwenye nyanda za juu.

5. TUCHUKUE MFANO

Tuseme kikundi kimoja cha bustani kimechanga fedha, kimenunua mashine ya petroli. Kisima chao, kutoka mdomoni mpaka kwenye maji, ni mita 11. Mashine inanguruma, mpira unatikisika, maji hayaji.

"Fundi, au tumeuziwa mbovu?" anauliza mzee.

"Hapana, mzee. Mashine ni nzima."

"Mbona muuzaji alituambia inafika mita 30?"

Muuzaji hakusema uongo, ila hakumaliza maneno. Kwenye kibao cha mashine huwa kuna namba mbili za mita. Namba kubwa, kama 30, ni jumla ya kimo: kutoka kwenye maji mpaka kule yanakomwagwa, kwa mfano kwenye tangi la mlimani. Namba ndogo, kama 7 au 8, ni kimo cha kuvuta: kutoka kwenye maji mpaka mashine ilipokaa. Kwa kusukuma, mashine hutumia nguvu zake yenyewe, kwa hiyo yaweza kufika mbali. Kwa kuvuta, inategemea hewa, na hewa ina mwisho wake.

Kumbukeni pia kwamba kinachohesabiwa siyo urefu wote wa kisima. Ni urefu kutoka kwenye mashine mpaka juu ya maji. Fungeni jiwe kwenye kamba, mlishushe mpaka liguse maji, halafu mpime kamba. Mpime mwisho wa kiangazi, maji yanapokuwa chini kabisa, na mpime kabla ya kununua.

6. HAPA NDIPO PENYE KIFO

Sasa tusome kwa makini. Watu wa kikundi kile wanakaa, wanafikiri. Mmoja anasema, "Basi tuishushe mashine humo humo kisimani. Tuchimbe kibaraza ukutani, tuiweke pale, ikaribie maji."

Kwa hesabu za maji, amepata. Mashine itatoa maji. Lakini amesahau gesi.

Injini ya petroli hutoa moshi, na ndani ya moshi huo mna gesi ya sumu iitwayo kaboni monoksaidi. Haina rangi wala harufu. Mtu anaivuta asijue. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya oksijeni, ile sehemu ya hewa inayotupa uhai. Kichwa kinauma, miguu inalegea, anaanguka. Ndani ya kisima haichukui muda mrefu. Kisima ni kama chupa: upepo haufiki, gesi haina mkondo wa kutokea. Hata injini ikizimwa, sumu inaweza kubaki humo kwa saa nyingi.

Wa kwanza akianguka, ndugu yake anaruka kumwokoa. Naye anaanguka. Wa tatu anafuata. Ndivyo kisima kimoja kinavyoweza kuondoa wanaume wa ukoo mmoja kwa siku moja.

Iko na gesi nyingine, hewa ya ukaa, ile tunayoitoa tunapopumua. Hii ni nzito kuliko hewa ya kawaida mara moja na nusu. Mnakumbuka neno letu? Kizito hukaa chini. Hewa ya ukaa inaweza kujikusanya ndani ya kisima au shimo lililokaa muda mrefu bila kutumika, hata kama hakuna mashine.

Jaribuni. Simamisheni mshumaa mfupi unaowaka ndani ya bakuli lenye kina, mwali uwe chini ya ukingo. Pembeni yake wekeni magadi, kisha mwagieni maji ya ndimu. Magadi yanatoa povu. Hilo povu ni la hewa ya ukaa. Inajaa bakulini kama maji, na ikifika kwenye mwali, mshumaa unazimika bila kupulizwa na mtu.

Kule Kameruni, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, hewa ya ukaa nyingi sana ilifumuka kutoka katika Ziwa Nyos. Kwa kuwa ni nzito, ilitambaa ardhini na kutiririka mabondeni kama mafuriko. Watu kama 1,700 walikufa, pamoja na maelfu ya mifugo. Gesi hutiririka kama maji. Tofauti ni kwamba mafuriko ya maji tunayaona.

7. TUFANYE NINI?

Kwanza, msiishushe kamwe injini ya petroli au dizeli ndani ya kisima, hata kwa dakika chache, hata wakati wa kuchimba. Na iliyoko juu iwe mbali na mdomo wa kisima, upande ambao upepo hauleti moshi kisimani.

Pili, kisima kikizidi mita 7, tumieni chombo ambacho kinasukuma au kubeba maji kutoka chini. Ndoo na kapi hufanya kazi kwa kina chochote. Pampu ya kamba ni rahisi kutengenezwa na mafundi wetu. Pampu ya mkono kama Afridev ina silinda iliyozama ndani ya maji, nayo huinua maji kutoka mpaka mita 45. Wenye uwezo waweza kutumia pampu ya umeme wa jua inayozamishwa majini. Hiyo haina moshi.

Tatu, msitegemee taa. Wazee walizoea kushusha taa kisimani: ikizimika, hewa ni mbaya. Hilo ni kweli, ikizimika usishuke. Lakini ikiendelea kuwaka isikudanganye. Sumu ya moshi wa injini haizimi taa. Na penye mvuke wa petroli, taa inaweza kulipua kisima.

Nne, mtu asishuke kisimani peke yake. Afungwe kamba imara kifuani, na watu wenye nguvu wawe juu wakizungumza naye. Akinyamaza au akisema kichwa kinauma, mvuteni mara moja.

Tano, mwenzenu akianguka na hana kamba, msimfuate. Tunajua ni vigumu kusimama juu huku ndugu yako yuko chini. Lakini ukishuka hutamsaidia, utaongeza maiti. Pigeni yowe, pigeni simu ya Zimamoto na Uokoaji namba 114, kisha jaribuni kumnasa kwa kamba mkiwa juu. Akitolewa, apelekwe hospitali haraka, hata kama amezinduka.

MANENO MAPYA

Kimiminika: kitu kinachotiririka na kufuata umbo la chombo, kama maji.
Gesi: kitu kama hewa, kinachotawanyika kikajaza mahali pote.
Kanieneo: msukumo uliogawanywa kwa eneo linalosukumwa.
Kimo cha kuvuta: urefu kutoka juu ya maji mpaka mashine ilipo.

MASWALI

1. Kwa nini karatasi iliyo ndani ya glasi haikulowa?
2. Kisima kina urefu wa mita 12, na maji yaliyomo yana kina cha mita 6. Mashine ikiwekwa mdomoni mwa kisima, kimo cha kuvuta ni mita ngapi? Je, huko pwani itatoa maji? Na mwisho wa kiangazi, maji yakibaki mita 2, je?
3. Kibao cha mashine kina namba mbili, 8 na 30. Mweleze jirani yako maana ya kila moja.
4. Kwa nini taa inayowaka kisimani haitoshi kuonyesha kwamba hewa ni salama?
5. Kikundi kijadili: visima vya kijijini kwetu vina mita ngapi mpaka kwenye maji? Chagueni watu wawili wavipime na kuandika namba hizo kwenye daftari la kikundi.

Majibu ya swali la 2: mwanzoni kimo cha kuvuta ni mita 6, na mashine itatoa maji. Mwisho wa kiangazi ni mita 10, haitatoa. Siku hiyo mtu akisema "tuishushe ndani," aliyesoma somo hili asinyamaze.